UZI: Nani atakibomoa? Kinu cha nyuklia, ziwa letu na somo la Macalder

1/ Mjadala wa nyuklia umetufikia watu wa ziwa. Tangu macho yahame kutoka Uyombo, Kilifi, na kugeukia Siaya, kila mkutano una upande wake. Huyu anasema ajira na umeme. Yule anasema Chernobyl. Sitataja jina la mtu wala chama. Nataka tuongelee swali ambalo pande zote mbili zinaliruka.

2/ Swali lenyewe: kinu kikizeeka, nani atakizima, atakisafisha, atakibomoa, na kwa pesa ya nani?

Niliuliza hivyo kwa kikao kimoja cha wananchi huku Homa Bay. Jibu nililopewa: "Wewe unapinga maendeleo?" Watu wakacheka, kikao kikaendelea. Nikaenda nyumbani nikasoma. Uzi huu ndio matokeo.

3/ Kwanza ramani, kwa wale wanaosema "hiyo ni mambo ya Siaya." Luanda Kotieno, mojawapo ya maeneo yaliyotajwa, ndiyo gati ambayo feri ya Mbita inafikia. Ukisimama Mbita unaiona ng'ambo. Kinu hupozwa kwa maji mengi, na maji yatakayotumika ni ya ziwa hili hili tunalovua na kuweka vizimba vya samaki. Kwa hivyo swali ni letu pia.

4/ Sasa tuelewe kazi yenyewe. Kubomoa kinu si kama kubomoa kibanda kando ya barabara. Huwezi kuleta tingatinga asubuhi na jioni ukaenda. Kuna hatua tano, na kila moja inategemea ile iliyotangulia.

5/ Hatua ya kwanza ni kuzima na kutoa fueli ya urani. Karibu asilimia 99 ya mionzi yote ya kituo imo ndani ya hiyo fueli. Ikitolewa bado ina moto mwingi, kwa hivyo inakaa ndani ya dimbwi la maji kwa miaka kadhaa ipoe. Baadaye inahamishiwa kwenye makasha makubwa ya chuma na zege.

6/ Hatua ya pili ni kusafisha. Mabomba na matangi yanapitishwa kemikali za kutoa utando wenye mionzi ulioshika ndani. Kuta na sakafu za zege zinakwanguliwa tabaka la juu. Lakini angalia: uchafu haupotei. Umetoka ukutani, umeingia kwenye maji na vumbi, na hayo nayo lazima yakusanywe na kuhifadhiwa. Kusafisha mionzi maana yake ni kuihamisha mahali unapoweza kuilinda.

7/ Hatua ya tatu ni kukata. Vyuma vya karibu na kiini cha kinu vimepigwa na mionzi miaka mingi hadi vyenyewe vimekuwa na mionzi. Hivi hukatwa kwa mashine zinazoendeshwa kutoka mbali, mara nyingi chini ya maji, kwa sababu maji yanazuia mionzi isimfikie fundi.

8/ Hatua ya nne ni kupanga taka. Sehemu kubwa ya zege na chuma cha kituo haina mionzi kabisa, hiyo ni taka ya kawaida. Sehemu ina mionzi kidogo. Sehemu ndogo sana ni kali. Ukichanganya zote pamoja, umejitengenezea mlima wa taka kali bila sababu. Kupanga ndiko kunakookoa pesa.

9/ Hatua ya tano ni kupima udongo na maji, kisha mdhibiti anasema kama ardhi inaweza kurudishiwa watu. Weka hii hatua akilini, nitairudia. Hapo ndipo Homa Bay tuna jambo la pekee.

10/ Je, lazima ubomoe mara moja? Hapana. Nchi nyingine hufunga kituo na kusubiri. Sababu ni ya kisayansi: kobalti-60, inayosumbua sana ndani ya vyuma vya kinu, hupungua nusu kila miaka 5.3 hivi. Ukisubiri miaka 53 inabaki sehemu moja kwa elfu. Marekani sheria yao inaruhusu hadi miaka 60 kutoka kuzima hadi kumaliza.

11/ Lakini kusubiri kuna gharama yake. Mafundi waliojua bomba gani linapita wapi wanastaafu na kufa. Michoro inapotea. Na ile pesa iliyotengwa inakaa miaka hamsini ikitazamwa na kila serikali inayoingia. Sisi Wakenya tunajua pesa inayokaa bila kazi huwa inapatwa na nini.

12/ Mfano mzuri, ule wanaounga mkono wanapaswa kuutumia: Maine Yankee, jimbo la Maine, Marekani. Kilizalisha umeme kuanzia 1972, kikafungwa 1997. Kufikia 2005 kilikuwa kimebomolewa chote. Gharama ilipita dola milioni 500. Kazi safi, ardhi ikaachiliwa. Inawezekana.

13/ Ila kuna sehemu ambayo haisomwi kwa mikutano. Fueli iliyotumika ya Maine Yankee bado iko pale pale, ndani ya makasha 60, ikilindwa usiku na mchana. Serikali yao iliahidi kuanza kuzichukua taka hizo 1998 na mpaka leo haina mahali pa kuzipeleka. Umeme ulitoka kwa miaka 24 hivi. Ulinzi wa taka umeshapita muda huo.

14/ Mfano mbaya, ule wanaopinga wanaupenda: Hanford, jimbo la Washington, kando ya mto Columbia. Eneo la karibu kilomita mraba 1,500, yaani zaidi ya nusu ya kaunti ya Migori. Kuna matangi 177 ya taka chini ya ardhi, mengine yamevuja. Vinu vya zamani vingi vimefunikwa tu kwa paa na kuta mpya, vikisubiri mionzi ishuke.

15/ Uingereza nako kuna Sellafield. Mkaguzi wa hesabu wao alisema 2024 kwamba kusafisha kutagharimu pauni bilioni 136 na kuendelea hadi mwaka 2125.

Lakini tuwe wakweli. Hanford ilijengwa kutengeneza plutoniamu ya mabomu, na Sellafield nayo ilianza hivyo hivyo. Si sawa na kinu cha umeme cha kisasa. Anayekutishia kwa Hanford peke yake anakuficha kitu, sawa na anayekutuliza kwa Maine Yankee peke yake.

16/ Na Afrika? Kinu cha kwanza barani kiliwashwa Kinshasa, 1959, kidogo cha utafiti, chuoni. Cha pili kilikifuata, nacho kikazimwa 2004. Katikati ya hapo fimbo mbili za fueli zilipotea. Moja ilikamatwa na polisi wa Italia 1998 mikononi mwa magenge. Nyingine haijaonekana. Hiyo ni kazi ya ulinzi dhaifu na bajeti iliyokauka. Hapakuwa na mlipuko wowote.

17/ Sasa turudi nyumbani, maana hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta somo. Liko Nyatike, kaunti ya Migori. Linaitwa Macalder.

18/ Macalder ulikuwa mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu, ulianza enzi za ukoloni. Ulifungwa 1966, Kenya ikiwa na uhuru wa miaka mitatu. Kampuni ikaondoka. Ikaacha mashimo na malundo ya mchanga wa mabaki, ule uliosagwa ukatolewa madini. Hakuna aliyeulizwa "nani atasafisha?" kwa sababu hakuna sheria iliyomlazimu mtu kujibu.

19/ Mawe ya Macalder yana salfa nyingi. Yakishasagwa na kukutana na hewa na mvua, yanatengeneza asidi. Asidi inayeyusha metali zilizomo na kuziteremsha. Utafiti uliochapishwa 2002 ulikuta risasi, aseniki na zebaki kwa viwango vya kutia wasiwasi katika ukanda wa dhahabu wa Migori, yakiwemo malundo ya Macalder. Maji ya Nyatike yanaelekea Mto Kuja, na Kuja unaingia Ziwa Victoria.

20/ Na malundo hayakuachwa yapumzike. Dhahabu kidogo ilibaki ndani, kwa hivyo watu wanauosha tena mchanga huo kwa zebaki, na wengine wakaja na sayanidi. Simlaumu mama anayeosha mchanga apate karo. Namlaumu aliyefunga ofisi 1966 na kuacha sumu bila ua wala kibao, na kila serikali iliyopita tangu hapo.

21/ Hapa wengi hushtuka nikiwaambia: mionzi inapungua yenyewe kwa muda. Aseniki haipungui. Risasi haipungui. Zebaki haipungui. Miaka elfu ikipita ni ile ile, labda imehama tu. Kwa hiyo mwanasiasa anayepiga kelele kuhusu taka za nyuklia za kesho na hajawahi kutaja malundo ya Macalder ya leo, muulize kwa nini.

22/ Je, sheria imebadilika? Ndiyo, kiasi. Sheria ya Madini ya 2016, miaka 50 baada ya Macalder kufungwa, inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira kabla ya kuanza kuchimba. Akitoroka, pesa ipo. Wazo ni zuri: lipa usafi kabla ya kuchafua.

23/ Kwa nyuklia tuna taasisi mbili, usizichanganye. NuPEA kazi yake ni kuendeleza mpango wa nyuklia. KNRA, iliyoundwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, ni mdhibiti. Wa kwanza akikuambia "ni salama" anafanya kazi yake ya kuuza. Wa pili ndiye unayepaswa kumdai maandishi: mpango wa kubomoa uko wapi, na mfuko wake unalindwa na nani?

24/ Kwa nini nasisitiza pesa iwekwe mapema? Kwa sababu ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu ya risasi, kikafungwa 2014. Mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Rufaa ikaivuruga. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi tangu kufungwa, na hapo bado ni kushinda kesi, hatujafika kulipwa.

25/ Ile hatua ya tano sasa. Mlima Homa una mionzi ya asili. Wanasayansi walipima udongo na mawe ya huko, wakachapisha 2013, na viwango vilikuwa juu ya wastani wa dunia kwa sababu ya thoriamu iliyo kwenye miamba. Mungu aliweka, si kampuni.

26/ Maana yake? Kama hatupimi ziwa, visima, samaki na udongo KABLA ya kinu kujengwa, miaka sitini baadaye kampuni itasema "hii mionzi ilikuwapo, ni ya Mlima Homa." Na mpinzani atasema "yote ni ya kinu." Hakuna atakayeweza kuthibitisha. Macalder pia hakuna aliyepima Kuja kabla ya mgodi, ndiyo maana leo ni vigumu kumpelekea mtu yeyote bili.

27/ Hesabu ya mwisho. Ratiba iliyotangazwa ni kuwasha 2034. Kinu cha kisasa hupangiwa miaka 60. Hiyo ni 2094. Katikati hapo kuna chaguzi kuu 12. Anayekata utepe hatakuwepo. Anayekushangilia nawe hutakuwepo. Atakayebomoa bado hajazaliwa, na hana kura 2027.

28/ Kwa hivyo ukisimama kwenye kikao, uwe unaunga au unapinga, uliza haya matano:
- Vipimo vya ziwa na udongo kabla ya ujenzi vitafanywa na nani, na vitachapishwa wapi?
- Mfuko wa kubomoa utaanza mwaka gani, na nani haruhusiwi kuugusa?
- Fueli iliyotumika itakaa wapi mwaka 2100?
- Kampuni ikifilisika au ikiondoka, nani anabaki na deni?
- Macalder mtaisafisha lini?

29/ Hizi si fadhila unaomba. Katiba Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari. Cha 42 kinakupa mazingira safi. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila hata kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Andikeni maswali, peleka kwa barua, dai nakala iliyopigwa muhuri. Swali la mdomo huishia kwenye kicheko, hiyo nimeiona mwenyewe.

30/ Msimamo wangu, kwa wanaouliza: sijafunga mlango kwa nyuklia. Umeme tunauhitaji. Lakini hili la tano ndilo litanipa imani. Nchi iliyoshindwa kusafisha lundo la mchanga kwa karibu miaka 60 ianze na hilo kwanza. Safisheni Macalder tuone, halafu tuje tuongee kuhusu kinu.

Mwisho wa uzi. Wa Nyatike, Karachuonyo, Mbita na Rarieda, mkiwa na vikao huko kwenu, wekeni hapa chini mlichojibiwa.