Kuvu Lililowapofua Wagonjwa wa India

Hapana nyumba isiyokuwa na kuvu. Usahau mkate kabatini siku chache, au embe lililopondeka, utaliona limeota juu yake mfano wa pamba. Chembe zake zimo katika udongo, katika samadi na katika hewa, na sisi sote twazivuta puani usiku na mchana wala hazitudhuru. Basi yafaa tuulize: kwa sababu gani kitu hiki hiki, katika mwaka 2021, kiliwapofua na kuwaua watu wengi katika nchi ya India?

Katika miezi ya Aprili na Mei ya mwaka ule, UVIKO-19 iliivamia India kwa nguvu, hata hospitali zikakosa vitanda na oksijeni. Mgonjwa alipokuwa ameanza kupata nafuu, mara huumwa na upande mmoja wa uso. Pua huziba na kutoka damu, jicho huvimba, na kaakaa huingia baka jeusi. Watu wakayaita maradhi hayo "kuvu jeusi". Na jina hilo, tukisema kweli, si sawa sawa, kwani weusi ule si rangi ya kuvu. Ni nyama iliyokufa. Kuvu huingia katika mishipa ya damu na kuiziba, na nyama isiyofikiwa na damu hufa. Kisha maradhi hupanda kutoka puani hadi jichoni, na kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Hata kufika mwisho wa Juni serikali ya India ilikuwa imekwisha hesabu wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliokufa zaidi ya 3,000.

Sasa tazameni ni nani waliopatwa. Zaidi ya nusu yao walikuwa na maradhi ya sukari, na kiasi cha nusu walikuwa wametumia dawa za steroidi. Sukari isiyotunzwa huzidhoofisha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili; na damu ikizidi asidi, madini ya chuma huachiliwa ndani yake, na kuvu hili hustawi kwa chuma. Steroidi nazo huipandisha sukari na kuwalaza askari wale wale.

Wala tusiitukane dawa. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa dexamethasone, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa kiasi cha thuluthi moja kwa wagonjwa waliopumulishwa kwa mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Lakini wako walioimeza majumbani bila ya tabibu, kwa siku nyingi, pasipo kupimwa sukari. Vidonge vya namna hiyo vimo katika maduka ya dawa ya kwetu pia, na wazee wenye sukari katika nyumba zetu si wachache. Anayemwuguza mmoja wao na amwulize tabibu juu ya kila kidonge kipya. Ama aliyekwisha zitumia steroidi kwa wiki nyingi, asiziache ghafla kwa khofu, kwani hilo nalo ni hatari. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa shauri la tabibu.

Maradhi haya hayaambukizi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa amwuguzaye, basi hapana haja ya kumtenga mtu. Dawa yake, amphotericin B, hutiwa kwa mshipa, na mwaka ule ilikuwa adimu hata jamaa za wagonjwa wakahangaika kuitafuta. Nayo peke yake haitoshi: mpasuaji hulazimika kuikata nyama yote iliyokufa, na pengine kaakaa na jicho pamoja. Kwa hiyo dalili zile za uso, zikimtokea mwenye sukari usiku, hazingojewi mpaka asubuhi.