Sanamu ya samaki angali baharini

Wanaozuru Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill jijini Nairobi, husimama kwa mshangao mbele ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta kuanzia mwaka wa 1970 hadi alipokufa mwaka wa 1974. Sanamu hiyo si ngozi iliyojazwa, ni faibaglasi.

Nyenzo iyo hiyo huwafaa wavuvi wa starehe. Watamu na Malindi, sulisuli wengi wanaonaswa kwa ndoana hutiwa alama na kuachiliwa. Kabla ya hapo, mvuvi anayetaka kumbukumbu hukadiria urefu na mzingo wa samaki angali majini, kisha humpiga picha. Fundi huchagua kalibu inayolingana na vipimo hivyo, hutandaza faibaglasi na gundi ndani yake, kisha hupaka rangi akifuatisha picha.

Je, huo ni uongo? La. Hata ngozi halisi ya samaki ikikaushwa hufifia, ikalazimu kupakwa rangi upya. Tofauti ni kuwa samaki wa zamani alikufa ili asifiwe ukutani. Huyu huenda akataga mayai, na nahodha wa Watamu akapata riziki ya kesho.