Je, Wajua? Zilikosa Wanunuzi, Sasa Zinagombewa

Je, wajua kwamba ndugu watatu weusi wa Detroit walikuwa wakipiga panki mwaka 1975, London ikiwa bado haijawajua Sex Pistols? David, Bobby na Dannis Hackney waliingia studio ya United Sound wakarekodi nyimbo saba za kasi. Clive Davis, kigogo wa biashara ya muziki Marekani, alizipenda, ila jina la bendi lilimkwama kooni: Death, yaani Kifo. Akataka walibadili. David, aliyekuwa kiongozi wao, akakataa katakata, na msaada wa fedha ukakatika hapo hapo. Mwaka 1976 wakatoa singo wao wenyewe, nakala 500, nayo haikufika mbali.

Kanda zikahifadhiwa. David alifariki mwaka 2000, lakini kabla ya hapo alimkabidhi Bobby kanda hizo na kumsihi azitunze, maana ipo siku watu watakuja kuziulizia. Bobby na Dannis walikwishahamia Vermont na walikuwa wakipiga rege, hata watoto wa Bobby wakakua bila kujua kwamba baba yao aliwahi kuwa kitu kingine. Wakaja kuijua sauti yake katika ile singo, ambayo sasa ilikuwa ikizunguka miongoni mwa wakusanyaji wa santuri. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ya Chicago ikazitoa zile nyimbo saba katika albamu iitwayo ...For the Whole World to See. Haifiki nusu saa. Ukiwa na fedha ya santuri moja tu kati ya zote zitakazotajwa hapa, nunua hii.

Je, wajua kwamba pauni 500 za kuazima ndizo zilizowafungulia mlango maelfu ya vijana wa Uingereza? Buzzcocks wa Manchester walizikusanya kwa jamaa na marafiki, akiwemo baba yake mpiga gitaa wao, Pete Shelley. Tarehe 28 Desemba 1976 wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakazitoa kwa jina la Spiral Scratch kupitia lebo waliyoianzisha wao wenyewe, New Hormones. Walichapa nakala 1,000 wakihofia kubaki nazo. Zikauzwa zote, na baadaye hesabu ikafika kama 16,000. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulirekodiwa kwa majaribio mangapi, kama fundi anayeonyesha ndani ya saa. Aliyesoma jalada lile alijua kwamba hakuna uchawi: studio inakodishwa, kiwanda kinalipwa, kazi inatoka. Lebo ya Domino iliitoa upya mwaka 2017, na gitaa lake bado linakwaruza vilevile, bila kusafishwa hata kidogo. Afadhali.

Je, wajua kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa wa panki alikuwa binti wa Msomali? Poly Styrene, jina lake la kuzaliwa Marianne Elliott-Said, mama yake akiwa na asili ya Uskoti na Ireland, aliwaona Sex Pistols kwenye gati la Hastings siku aliyotimiza miaka 19, tarehe 3 Julai 1976. Akarudi nyumbani na azma ya kuunda bendi. X-Ray Spex walipotoa Germfree Adolescents mwaka 1978, mbele kulikuwa na sauti yake inayopasua hewa na saksafoni inayombishia. Panki nyingi ya wakati ule ilimlaani malkia na polisi. Yeye aliimba kuhusu plastiki, matangazo ya biashara, sabuni na maduka makubwa, huku akiwa amevaa vyuma vya meno bila aibu. Ukiisikiliza leo, katika dunia iliyojaa vifungashio, utadhani iliandikwa mwaka jana. Albamu yake ya mwisho, Generation Indigo, ilitoka Machi 2011. Alifariki mwezi uliofuata. Miaka kumi baadaye binti yake, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu ya maisha ya mama yake.

Je, wajua kwamba Kurt Cobain wa Nirvana aliwahi kuzunguka London akitafuta santuri moja tu? Nakala yake ya albamu ya kwanza ya The Raincoats, ya mwaka 1979, ilikuwa imechakaa. Mwaka 1992 akaingia duka la Rough Trade kuiulizia. Hawakuwa nayo, ila walimwelekeza kwenye duka la vitu vya kale alikokuwa akifanya kazi Ana da Silva, mwanamke wa Madeira aliyeimba na kupiga gitaa katika bendi hiyo. Naye hakumtambua mgeni wake, mtu ambaye wakati huo sura yake ilikuwa kwenye kila gazeti la muziki. Baadaye akamtumia nakala. Haukupita muda, albamu za The Raincoats zikatolewa upya, na maelezo ya jalada la ile ya kwanza yakaandikwa na Cobain. Bendi hiyo ilipangwa kusafiri pamoja na Nirvana kwenye maonyesho ya Uingereza Aprili 1994, lakini Cobain alifariki mwanzoni mwa mwezi huo. Katika albamu ile, fidla ya mwenzao Vicky Aspinall haifuati gitaa hata pale unapodhani italazimika kufuata. Wengine huona kero hapo. Mimi naona ndipo utamu ulipo.

New Zealand nako: mwaka 1981 vijana wa Dunedin waitwao The Clean walirekodi Tally Ho! kwa gharama isiyozidi dola 60. Wimbo ukapanda hadi nafasi ya 19 katika chati ya taifa na kuiweka lebo changa ya Flying Nun kwenye ramani. Kinanda chake cha bei rahisi hakitoki kichwani.

Je, wajua kwamba kuna lebo iliyojiua kwa makusudi ikiwa na afya njema? Sarah Records ya Bristol, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Clare Wadd na Matt Haynes, iliamini kwamba singo ya inchi saba ndiyo santuri ya haki, kwa kuwa kijana asiye na kitu anaimudu. Wachambuzi wa London waliwakebehi kwamba muziki wao ni wa watoto wapole wenye sweta. Namba 50 katika orodha yao haikuwa singo ya kawaida, bali mchezo wa ubaoni unaokuzungusha Bristol. Walipofika namba 100, mwaka 1995, walifanya sherehe ndani ya meli iliyotia nanga mjini humo na kununua tangazo magazetini kusema basi, imetosha.

Mimi huwacheka wale wachambuzi ninapokumbuka Heavenly, moja ya bendi za lebo hiyo. Mwimbaji wao, Amelia Fletcher, alikuwa akisomea uchumi huku akiimba nyimbo tamu zilizoficha wembe: P.U.N.K. Girl ya mwaka 1993 ina sauti nyororo kuliko asali, lakini mada za singo ile ni pamoja na ubakaji. Baadaye akawa mchumi mkuu wa ofisi ya serikali ya Uingereza iliyosimamia ushindani wa biashara, kisha profesa, na akatunukiwa nishani ya kifalme. Bendi ilinyamaza mwaka 1996 baada ya kifo cha mdogo wake Mathew, mpiga ngoma. Lebo ya Skep Wax, inayoendeshwa na Amelia na mwenzake Rob Pursey, ilianza mwaka 2022 kuzitoa upya albamu zote nne, moja baada ya nyingine, na mwaka 2023 Heavenly wakapanda tena jukwaani London. Anza na Le Jardin de Heavenly.

Kutoa upya kunahitaji zaidi ya nia. Kabla santuri haijachapwa, kwa kawaida sauti huchongwa kwanza kwenye bamba la alumini lililopakwa vanishi maalumu, na mabamba hayo yalikuwa yakitengenezwa na viwanda viwili tu duniani. Tarehe 6 Februari 2020 kimoja, Apollo Masters cha Banning, California, kiliteketea kwa moto. Mzigo wote ukabaki Japani. Ajabu ni kwamba miaka miwili baadaye, mwaka 2022, Wamarekani walinunua santuri nyingi kuliko CD, takriban milioni 41 kwa milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987.

Je, wajua kwamba Johannesburg ilikuwa na bendi ya panki ambayo kuwepo kwake tu kulikuwa kosa? National Wake iliundwa mwaka 1979 na Ivan Kadey, Mzungu, pamoja na ndugu wawili wa Soweto, Gary na Punka Khoza. Wakaishi nyumba moja, wakati sheria iligawa hata mitaa kwa rangi. Albamu yao ya 1981 iliuzwa nakala kama 700 kabla ya serikali kubana na santuri kuondolewa madukani. Lebo ya Light in the Attic iliitoa tena mwaka 2013, pamoja na nyimbo zilizobaki kabatini. Gary na Punka hawakuwepo kuliona toleo hilo. Humo utasikia rege na fanki zikisukumana na gitaa la panki.

Na mpya? Big Joanie, wanawake weusi wa London, wana Back Home ya 2022. The Linda Lindas wa Los Angeles, waliojulikana mwaka 2021 kwa kupiga muziki ndani ya maktaba mdogo wao akiwa na miaka 10, wamefika No Obligation ya 2024. Alvvays wa Kanada waliibiwa rekodi za majaribio kisha mafuriko yakawavamia, bado wakatoa Blue Rev.

Nairobi nako Crystal Axis wamepiga panki kuhusu mateso ya Nyayo House, jengo la serikali walimoteswa wapinzani, ambalo wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa. Duma, vijana wawili wa mji huohuo, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala: mashine za ngoma zinakimbia kupita kiasi, na Martin Khanja anapiga mayowe juu yake. Punguza sauti kwanza, hasa kama una majirani.