Shakwe, Jirani Tunayemdharau

Hapana mtu wa pwani asiyemjua shakwe. Kaskazi inapovuma, humwona katika madiko ya Lamu, Malindi na hata Mombasa, akizunguka juu ya mashua na kugombania matumbo ya samaki. Shakwe wetu ana kichwa cheusi, mgongo wa rangi ya kahawia na ukosi mweupe shingoni. Kwa makelele yake na ulafi wake, wengi humwona ni ndege asiye na maana. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao.

Ami yangu, aliyekuwa mvuvi, ndiye aliyenifumbua macho. Alinifunza kuwa shakwe na ndege wenzake wa baharini wakikusanyika mahali pamoja na kushukia maji, basi huenda chini yao jodari wanawafukuza samaki wadogo hadi juu. Hapo nahodha hugeuza chombo bila ya kuuliza.

Siku moja ya kusi tulishuka katika kisiwa kidogo cha matumbawe, baina ya Kiwayu na Kiunga. Huko ndiko shakwe hutaga, kati ya Julai na Oktoba, chini kabisa, kando ya vichaka. Nikaokota mayai manne, nikayafunga katika kikoi. Shakwe wakapaa, wakatulilia juu ya vichwa.

"Umebeba nini, mwanangu?" akaniuliza ami.

Nilipomwonyesha, hakunigombeza. Alinisimulia kisa cha Masahaba waliochukua makinda ya ndege, Mtume (s.a.w.) alipomwona mama yao akihangaika, akaamuru arudishiwe wanawe. Kisha akasema, "Haya, rudisha."

Nilipofungua kikoi, mawili yalikuwa yamekwisha pasuka.

Sehemu hiyo ilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1979. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila kisiwa. Hata asiyeokota yai hudhuru: akikanyaga tu, wazazi huruka, na mayai na makinda hubaki katika jua kali mpaka yakafa.

Enyi vijana wavuvi, shakwe hutuonyesha riziki na hatudai ujira. Tukimwondoa visiwani, tutaitazama bahari tupu tusijue pa kuelekeza chombo. Basi wakati wa kutaga tumpishe. Mimi, kila nimsikiapo akilia bandarini, huyakumbuka yale mawili.