Mtambo wa Kushika Usukani na Kugeuza Njia Baharini

Chama cha wavuvi kinaponunua boti kubwa ya injini, pengine huikuta imekwisha kufungwa mtambo wa kushika usukani. Mtambo huo una dira yake, akili ya umeme, na mkono wa kusukuma usukani. Ukiuwekea digrii 90 utashika digrii 90, hata kama mbele pana mwamba au ngalawa ya mwenzako, kwani hauna macho. Wakati wa kugeuza njia ndio unaohitaji uangalifu zaidi.

Tarehe 18 Machi 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilikuwa karibu na visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nahodha aliamuru igeuzwe; baharia akazungusha gurudumu, meli isigeuke. Swichi ya kuchagua namna ya kuongoza ilikuwa mahali pasipostahili, na gurudumu lilikuwa limetengwa na usukani. Kosa lilipogunduliwa muda ulikuwa umekwisha, na meli ikapanda mwamba pamoja na shehena ya takriban tani 119,000 za mafuta ghafi.

Boti ya chama ni ndogo, lakini swichi ni ile ile, na boti ikivunjika deni la benki halizami nayo.

Nahodha mwangalifu hutazama kwanza pande zote, hasa nyuma, upande atakaogeukia. Huwaonya walio kwenye nyavu, maana mtambo haumngoji aliyesimama ukingoni. Katika bahari wazi aweza kugeuza kidogo kwa vitufe. Hata hivyo, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinataka geuzo la kuepuka chombo kingine liwe kubwa na lionekane wazi. Kubonyeza digrii moja moja humtatiza aliye mbele. Kwa geuzo kubwa, au akiingia bandarini, au mawimbi yakimjia kwa nyuma, huzima mtambo, hushika gurudumu kwa mkono na kuhakikisha usukani unaitika. Huuwasha tena boti ikiwa imetulia katika njia mpya.

Tena ndoo ya spana isiwekwe kando ya dira ya mtambo. Chuma huipotosha, na boti ikaenda upande pasipo mtu kugusa kitu.

Makatibu wanaombwa kuandika katika daftari la boti majina ya wanaoruhusiwa kuutumia mtambo. Kila mmoja wao ajaribiwe kuuzima gizani, kwa kupapasa, kabla boti haijang'oa nanga.