Je, Wajua? Dawa za Akili na Maudhi Yake

Je, wajua kuwa mojawapo ya dawa za kwanza za sonona ilitoka wodi ya kifua kikuu? Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa waliopewa iproniazidi walichangamka, wakapata hamu ya kula, wengine wakacheza. Madaktari wakaanza kujiuliza kama ingewafaa pia watu waliozama kwenye huzuni.

Lakini dawa za kundi la iproniazidi hazipatani na jibini. Miaka ya 1960, mfamasia Mwingereza aliona mkewe akiumwa kichwa vibaya kila alipokula jibini huku akitumia dawa hizo. Baadaye ikathibitika: tiramini iliyomo kwenye jibini lililokaa hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Wajua kuwa shingo inayopinda ghafla inaweza kuwa kazi ya dawa, si ya pepo? Kijana amechomwa sindano ya haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kesho yake macho yanapanda juu na kuganda huko, taya linakaza, ulimi unatoka nje, shingo inavutwa upande mmoja. Anasikia kila kitu, ila hawezi kusema. Jirani anasema mashetani yamepanda, na safari ya kwenda kwa mganga inaanza. Kumbe dawa imezuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuratibu misuli. Akipelekwa kituo cha afya, sindano ya promethazini au dawa kama benzeksoli huilegeza misuli, mara nyingi ndani ya saa moja. Lakini kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1×2 tu, yaani kimoja mara mbili kwa siku, bila onyo. Inauma kwamba mama wa kijana haambiwi mapema, kwa sentensi mbili tu, kitu ambacho kingemwondolea hofu yote hiyo.

Klopromazini, iliyoanza kutibu wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, huifanya ngozi iungue upesi juani. Anayeitumia akaenda shambani avae kofia na mikono mirefu.

Wajua kuwa 7UP ilipoingia sokoni mwaka 1929 ilikuwa na lithiamu? Miaka 20 baadaye, daktari John Cade wa Australia alionyesha kuwa madini hayohayo hutuliza wazimu wa kupanda na kushuka. Kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Ukiwa unaitumia, ukaharisha sana au ukameza ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, lithiamu huongezeka mwilini. Ukianza kutapika, kutetemeka sana na kuyumba, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na fluoksetini, dawa nyingine ya sonona? Kichefuchefu huja wiki ya kwanza, nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Wengi huiacha hapo katikati, wakiamini imewashinda. Wengine huacha kimyakimya kwa sababu hamu ya tendo la ndoa imepungua. Hilo nalo ni maudhi ya dawa, madaktari wanalijua, na mara nyingi dozi au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa.