Kopo Linahubiri Kabla ya Mdomo

Mwezi huu tunapenda tuongee juu ya jambo linalogusa kaya nyingi hapa kambini: biashara ndogo ndogo, na imani yetu sisi Wakristo.

Tuanze na yaliyotupata wenyewe. Sisi walimu wa kujitolea tulikuwa tunafundisha vipimo darasa la nne. Tuliwaambia watoto kila mmoja aje na kopo la kupimia kutoka nyumbani. Tukawa tunajaza maji kopo moja moja, tunayamimina kwenye chupa ya lita moja na kuweka alama. Makopo yalikuwa ya aina moja, lakini maji ya kopo moja hayakufika kwenye alama. Kumbe lilikuwa limegongwa chini, kitako kikaingia ndani. Mtoto mwenyewe akatueleza bila wasiwasi: "Hili ni la kuuzia. La kununulia liko nyumbani."

Watoto walicheka. Sisi hatukucheka. Kopo lile lilitoka nyumbani kwa mmoja wetu, ambaye jioni anauza maharagwe na dagaa, na Jumapili anaongoza maombi.

Wakimbizi washona mahema

Wengi wetu tukisikia neno misheni tunamfikiria mgeni aliyekuja na gari na vitabu. Lakini tufungue Matendo ya Mitume sura ya 18. Akila na mkewe Prisila walikuwa Wayahudi waliokaa Rumi. Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi mjini, karibu mwaka 49, wao wakaenda Korintho. Walifika na nini? Na ufundi wao. Walikuwa washona mahema. Paulo naye aliijua kazi hiyo, basi akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja, na kila Sabato alikuwa akizungumza na watu katika sinagogi.

Baadaye walihamia Efeso. Huko walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamfundisha vizuri zaidi njia ya Mungu. Kanisa likawa linakutana nyumbani kwao. Na ukisoma Warumi sura ya 16, utawakuta wamesharudi Rumi, na huko pia kanisa liko nyumbani mwao.

Sisi tuliowahi kulala chini ya turubai tunaielewa habari hii. Watu hawa hawakungoja kurudi kwao ndipo wamtumikie Mungu. Na Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomlisha yeye na wenzake. Hakuna aliyeweza kusema anahubiri kwa ajili ya tumbo.

Mfinyanzi na seremala

Mfano wa pili si wa zamani sana. Mwaka 1722, Wakristo waliokimbia Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, walipewa hifadhi Ujerumani katika ardhi ya tajiri mmoja aitwaye Zinzendorf. Seremala wao, Christian David, aliangusha mti wa kwanza, wakajenga kijiji cha Herrnhut.

Miaka 10 tu baadaye, mwaka 1732, kijiji hicho cha wakimbizi kikatuma wamisionari. Wa kwanza walikuwa Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Walikwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, kilichotawaliwa na Denmaki, ili wawahubirie Waafrika waliokuwa watumwa. Useremala ndio uliowasaidia kupata chakula. Wamoravia walifika Rungwe, Tanzania, mwaka 1891, na kanisa lao lipo mpaka leo.

Lakini tusifiche upande wa pili. Miaka michache baadaye misheni hiyo ya St. Thomas ilinunua shamba pamoja na watumwa wa kulilima. Waliokuja kuwahubiria watumwa, wakawa mabwana wa watumwa! Walitaka mapato ya kuendesha misheni, wakaona ni sawa tu.

Ndugu zetu, kopo linagongwa hivyo hivyo. Mtu hasemi, "Nataka kuiba." Anasema, "Ni kwa ajili ya watoto," au, "Ni kwa ajili ya kazi ya Mungu."

Basi tulifanyaje?

Mwenzetu alitafuta kopo zima, akawaambia wateja wake ukweli. Haikuwa rahisi. Wengine walimcheka, wengine walimtukana, na wapo ambao hawajarudi hadi leo. Mama mmoja jirani, Mwislamu, akamwambia, "Mwalimu, mimi nilijua zamani. Nilikuwa naja kwako kwa sababu ni karibu." Yeye bado ananunua. Tofauti ni kwamba siku hizi anamtuma mtoto wake mdogo peke yake.

Mwenzetu anasema maneno ya mama yule yalimwuma kuliko matusi. Muda wote ule alikuwa anahubiri Jumapili, na jirani yake alikuwa anasoma kopo.

Kwa hiyo tumekubaliana haya, nasi tunawashirikisha:

- Kipimo cha kununulia na cha kuuzia kiwe kimoja.
- Bei iwe moja kwa wote, wa kanisa lako, wa kanisa lingine na asiye Mkristo.
- Mwenye deni asilazimishwe kuja kusali. Deni ni deni, imani ni hiari ya mtu.
- Deni liandikwe kwenye daftari mbele ya mkopaji, na likilipwa lifutwe mbele yake.
- Kabla ya kuanza biashara, waulize viongozi wa kambi nini kinaruhusiwa. Tuheshimu sheria za nchi iliyotupokea.
- Ukipata faida, hata ndogo, mkumbuke jirani mgonjwa au mjane.

Hatusemi kila muuza maandazi awe mhubiri. Tunasema kwamba mteja anakuona kila siku, na mchungaji anamwona mara chache, pengine hamwoni kabisa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Akila na Prisila walifika ugenini na ufundi wao. Sisi katika nyumba hii tuna ufundi gani?
2. Je, mtoto wetu akipeleka kopo letu shuleni kesho, tutalala usingizi?

Mungu awabariki nyote.